Uzi wa data za obiti: TLE inapita ukaguzi, lakini setilaiti haipo hapo

#1 AntenaTanga

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, anayependa mambo ya anga na redio avute kiti.

Nina antena ya kuzunguka juu ya paa hapa Tanga. Nanasa picha za setilaiti za hali ya hewa na ishara za vijisetilaiti vya wanafunzi. Wiki tatu zilizopita nilikaa dakika kumi na mbili nasikiliza mvumo mtupu. Antena ilizunguka vizuri kutoka kaskazini hadi kusini kama ilivyoagizwa, redio nzima, waya mzima. Setilaiti ndiyo haikuwepo.

Siku mbili nilihangaika na vifaa. Nilifungua hadi viunganishi nikavisafisha chumvi, maana sisi wa pwani chumvi ndiyo mtuhumiwa wa kwanza. Kumbe kosa lilikuwa kwenye namba. Siku ile bando la kompyuta lilikuwa limekata, nikasoma TLE kwenye simu nikainakili kwa mkono, na tarakimu mbili zikapishana. Programu ilizipokea bila neno lolote, kwa sababu tarakimu ya ukaguzi iliyo mwisho wa mstari ilikubali.

Kwa ambaye hajawahi kuona TLE: ni mistari miwili, kila mmoja una nafasi 69, inayoeleza obiti ya setilaiti, yaani njia yake ya kuizunguka dunia. Nitatumia mfano wa zamani ambao wengi wanaufahamu, wa kituo cha anga cha kimataifa, tarehe 20 Septemba 2008:

`1 25544U 98067A   08264.51782528 -.00002182  00000-0 -11606-4 0  2927`
`2 25544  51.6416 247.4627 0006703 130.5360 325.0288 15.72125391563537`

Mstari wa pili: 25544 ni namba ya setilaiti kwenye orodha. 51.6416 ni mwinamo wa obiti kwa nyuzi. 247.4627 inaonyesha upande ambao obiti inakata ikweta ikipanda kaskazini. 0006703 ni kiasi ambacho duara limevutwa, na hapo mbele kuna nukta ambayo haiandikwi, yaani ni 0.0006703. Namba mbili zinazofuata zinasema setilaiti iko wapi ndani ya obiti hiyo. 15.72125391 ni mizunguko kwa siku.

Ile 7 ya mwisho kabisa ndiyo tarakimu ya ukaguzi. Unajumlisha tarakimu zote za mstari, alama ya kutoa unaihesabu 1, herufi na nafasi wazi na nukta unazihesabu 0, kisha unachukua tarakimu ya mwisho ya jumla. Jumlisheni wenyewe mstari wa pili: mtapata 197. Tarakimu ya mwisho ni 7. Safi.

Sasa badilisheni 247.4627 iwe 274.4627. Jumla ni ileile 197, ukaguzi ni uleule 7. Lakini obiti nzima imezungushwa nyuzi 27 kuelekea mashariki. Programu itasema kituo kiko juu ya Tanga, na wakati huohuo kituo chenyewe kiko karibu na Pointe-Noire, Kongo Brazzaville, kilomita kama 3,000 magharibi.

Ndiyo maana naleta mada. Ukaguzi uliomo ndani ya data unasema tu kwamba maandishi yamefika, na hata hapo hauoni kila kitu. Kujua kama setilaiti kweli ipo pale kunahitaji shahidi wa nje. Ningependa tujadili mashahidi hao ni akina nani, na kila mmoja hapa anakagua vipi data zake. Nawasilisha.

#2 FundiSimu_Kkoo

Mkuu, nimejifunza kitu. Mimi ni fundi simu, na hili la tarakimu ya mwisho tunalo kwenye IMEI, namba ya utambulisho ya kila simu. Ukipiga *#06# unapata tarakimu 15, ya mwisho ni ya ukaguzi. Lakini yetu haikubali kupishana kirahisi hivyo. Tarakimu moja moja kwa kupokezana unaizidisha mara mbili kabla ya kujumlisha, kwa hiyo 47 na 74 zinatoa majibu tofauti. Kadi za benki nazo zinatumia njia hiyohiyo. Kwa nini watu wa anga wasiitumie?

#3 AntenaTanga

Swali zuri sana, kaka. Hiyo ni njia ya Luhn, aliyekuwa mhandisi wa IBM, na uko sahihi: inakamata karibu kila mpishano wa tarakimu jirani. Inayopita ni 09 na 90 tu.

Sababu ni umri. TLE ilizaliwa enzi za kadi za kutoboa, karatasi ngumu zilizotunza data za kompyuta kwa matundu, zenye safu 80, na kila kitu kilibanwa kiingie humo. Ile nukta isiyoandikwa imetokana na kubana nafasi. Mwaka wa tarakimu mbili vilevile: 57 hadi 99 husomwa 1957 hadi 1999, na 00 hadi 56 husomwa miaka ya 2000. Ukaguzi wa kujumlisha ulitosha kukamata tundu moja lililotobolewa vibaya, na tarakimu moja ikikosewa unakamata kila mara, hilo tuupe haki yake. Makosa mawili yanayofidiana unayaachia. Alama ya kutoa ikisomwa 1 unaiachia, maana zote thamani yake ni 1. Herufi A ya 98067A ikiwa B unaiachia pia, na kwenye orodha hiyo B ni kifaa kingine kabisa cha urushaji uleule.

Hata nafasi ya namba imebana. Tarakimu tano zinaishia 99999. Pamewekwa kiraka cha kuanza na herufi, bila I na O kwa sababu zinafanana na 1 na 0, na kiraka hicho kinafika 339999. Dawa yenyewe ni muundo mpya uitwao OMM, ambao kila namba inakuja na jina lake, kwa miundo ya maandishi ya XML au JSON, na namba ya orodha inaweza kufika tarakimu tisa. Mtandao wa CelesTrak wa T.S. Kelso umekuwa ukiwahimiza watu wahamie huko. Mimi nimehama baada ya tukio hili na nashauri kila mtu ahame, maana namba yenye jina ni vigumu kuichanganya na jirani yake.

Kosa lingine nililowahi kulifanya, miaka miwili iliyopita: nilipitisha TLE kwenye jedwali la Excel ili nizipange. Jedwali likameza sifuri za mbele, 0006703 ikawa 6703, na programu yangu ikaweka nukta mbele ikasoma 0.6703. Obiti iliyokuwa karibu duara kamili ikawa yai refu linalopita ndani ya dunia. Na hapo tena ukaguzi ulikubali, kwa sababu sifuri haziongezi kitu kwenye jumla.

Ndipo nilipoanza ukaguzi wa pili, wa maumbile. Programu yangu sasa inapiga hesabu ya sehemu ya chini kabisa ya obiti. Ikiwa chini ya kilomita 100, data hiyo haingii. Hakuna setilaiti inayokaa huko.

#4 Mkazi_wa_Wote

Habari za hapa. Mimi ni wa Makueni, Kenya. Mnakumbuka ile pete ya chuma iliyoangukia kijiji cha Mukuku, 30 Desemba 2024? Shirika la Anga la Kenya lilisema ni pete ya kutenganisha ya roketi, upana kama mita 2.5, uzani kama kilo 500. Ilianguka mchana watu wakiwa kwa shughuli zao, ni Mungu tu hakuna aliyeumia.

Swali langu natoka nalo moyoni. Kama kila kitu huko juu kina hii mistari miwili, mbona hakuna aliyetupigia kelele mapema?

#5 AntenaTanga

Pole sana ndugu yangu, na watu wa Mukuku wana haki ya kuuliza hivyo.

Nitajibu kwa upande wa data tu. Mistari hii ni picha ya wakati mmoja. Ile 08264.51782528 kwenye mfano ndiyo wakati wenyewe: siku ya 264 ya mwaka 2008, baada ya nusu siku hivi. Kuanzia hapo mfumo wa hesabu uitwao SGP4 unaisogeza setilaiti mbele. Kwa setilaiti za chini, kosa ni kama kilomita 1 wakati picha inapigwa, halafu linakua kilomita 1 hadi 3 kila siku, hasa mbele na nyuma katika njia yake. Kwa antena yangu hiyo si kitu. Setilaiti inakimbia kilomita 7.5 kwa sekunde, kosa la kilomita 3 halifiki hata nusu sekunde.

Kitu kinachokaribia kuanguka ni habari nyingine. Hewa ya juu inakikokota, na mkokoto unategemea kinavyogeuka-geuka, uzito wake, na jua limeamkaje siku hiyo. Ndiyo sababu wanaotabiri maanguko huweka kosa la takriban asilimia 20 ya muda uliobaki. Zikibaki saa tano, kosa ni saa moja mbele au nyuma, na kwa saa moja kitu hicho kinakata kilomita 27,000. Hiyo ni zaidi ya nusu ya mzingo wa dunia. Huwezi kuipigia simu Makueni kwa utabiri wa namna hiyo. Tena mabaki ya roketi yaliyo kwenye obiti ndefu sana yanapita karibu na dunia kwa muda mfupi tu, kwa hiyo rada zinayapima mara chache na picha yake inakuwa ya zamani.

Jua lenyewe si la kupuuzwa. Februari 2022 SpaceX walirusha setilaiti 49 za Starlink, wakaziacha kwenye kimo cha kilomita kama 210 ili zipande zenyewe. Dhoruba ya jua ikapasha hewa ya juu, mkokoto ukaongezeka hadi asilimia 50, na wao wenyewe wakatangaza kwamba hadi 40 zingeanguka. Namba za mkokoto zilizopimwa kabla ya dhoruba zilikuwa sahihi wakati zinapimwa. Dunia ndiyo iliyobadilika.

#6 Mkazi_wa_Wote

Nimeelewa sasa, asante. Kumbe hata waliokuwa wakiangalia hawangetaja kijiji. Nafuatilia.

#7 PimaArdhi

Wakuu, nimechelewa kuuona uzi huu. Mimi ni mpima ardhi, kazi zangu ni Arusha na Manyara. Sisi data za obiti tunazila kila siku kupitia GPS na wengi hatujui. Acha niongeze upande huu.

Setilaiti ya GPS inatangaza obiti yake yenyewe. Kila neno la ujumbe lina biti 30, sita kati ya hizo ni za ukaguzi, tofauti kabisa na kujumlisha kwa vidole. Juu ya hapo kila kifurushi cha obiti kina namba ya toleo, nayo imewekwa kwenye sehemu zote mbili za obiti. Risiva inatakiwa ikatae kama namba hizo hazilingani, isije ikachukua nusu ya obiti ya zamani na nusu ya mpya. Umeona walivyofikiri? Kila nusu peke yake ni sahihi, zikiunganishwa zinakuwa uongo.

Na bado haitoshi, ndiyo hoja ya mleta uzi. Tarehe 10 Aprili 2007 setilaiti moja ya GPS ilisogezwa kwa injini zake ikiwa bado inajitangaza kuwa nzima. Ujumbe wake ulifika bila biti hata moja kuharibika, na mahali ilipodai ipo palikosewa kwa mamia ya mita.

Kubwa kuliko hilo ni la GLONASS, mfumo wa Urusi unaofanana na GPS. Usiku wa kuamkia 2 Aprili 2014 kwa saa za Moscow, setilaiti zote za mfumo zilianza kutangaza obiti zisizo sahihi kwa wakati mmoja. Zilikuwa zimepakiwa data mbaya kutoka ardhini. Ilichukua zaidi ya saa kumi kurekebisha, kwa sababu kila setilaiti ilibidi isubiriwe ipite juu ya vituo vyao ndipo ipakiwe upya. Nawaza kuhusu aliyekuwa porini usiku ule na rova yake, yaani risiva ya kutembea nayo, anashangaa. Risiva nzuri ina ujanja wa kujilinda: ukiwa na setilaiti tano inagundua kwamba mojawapo inadanganya, ukiwa na sita inaijua ni ipi na kuitoa. Ila ujanja huo unategemea kwamba wakweli ni wengi. Siku mfumo mzima unapodanganya kwa pamoja, mkweli ndiye anayeonekana mkosaji. Anayepona ni mwenye mfumo wa pili kabisa pembeni.

#8 Mwanafunzi_Jiomatiki

Shikamoo PimaArdhi. Naomba kuuliza, hizi "obiti sahihi" tunazopakua baada ya kazi zinakaguliwaje? Na je, kwa mtu anayepima viwanja zina umuhimu wowote?

#9 PimaArdhi

Marahaba mdogo wangu.

Nianze na swali la pili, maana watu wanasumbuka bure. Ukiwa na besi, yaani risiva iliyosimama mahali panapojulikana, na rova, kosa la obiti linakatwa sana kwa sababu wote wawili mnaona setilaiti ileile kutoka karibu mahali pamoja. Kanuni ya haraka: gawanya umbali kati ya besi na rova kwa kilomita 20,000, kisha zidisha na kosa la obiti. Obiti inayotangazwa na setilaiti ina kosa la kama mita 1. Umbali wa kilomita 10 unakupa nusu milimita. Bikoni yako haijui hata kama kuna kosa. Lakini ukifunga pointi kutoka kituo kilicho kilomita 500, tayari una sentimita 2.5. Na ukipima kwa risiva moja tu kwa njia ya PPP, hakuna besi ya kukukatia, kosa linaingia moja kwa moja. Hapo obiti sahihi ni lazima.

Swali la kwanza ndilo linalonifurahisha zaidi. Kuna ushirika wa kimataifa unaitwa IGS. Una vituo vya kupokea dunia nzima, na kwetu huku vipo Malindi, Mbarara na Kigali. Data za vituo zinakwenda kwa vikundi kadhaa vya uchambuzi: Bern Uswisi, Potsdam na Darmstadt Ujerumani, JPL na MIT Marekani, Kanada na kwingineko. Kila kikundi kinakokotoa obiti kwa programu yake na watu wake. Kisha matokeo yanawekwa pamoja na kulinganishwa. Anayekubaliana na wenzake anapewa uzito mkubwa, na setilaiti ambayo kikundi kimoja kimeipotosha inatolewa kwenye hesabu ya kikundi hicho. Obiti ya mwisho inatoka baada ya siku kama 12 hadi 19, na kosa lake ni kama sentimita 2.5, kwa kitu kilicho kilomita 20,000 juu yetu.

Hata hivyo hawakuridhika na kukubaliana peke yake. Wote wanatumia mawimbi yaleyale ya redio kutoka vituo vilevile, wanaweza wakakosea kwa pamoja. Kwa hiyo setilaiti kadhaa zimewekewa vioo vya kurudisha mwanga, na vituo vingine kabisa vinazipiga kwa leza na kupima muda wa mwanga kwenda na kurudi. Leza haijui lolote kuhusu redio. Ikikubali umbali kwa sentimita chache, hapo unalala usingizi. Mkuu AntenaTanga aliuliza shahidi wa nje ni nani, kwetu sisi ni huyu.

#10 Mwanafunzi_Jiomatiki

Asante sana kaka. Sasa niseme tatizo langu lenyewe. Naandika programu ya kusoma faili za obiti hizo, za SP3, kwa ajili ya mradi wa mwaka wa mwisho. Kila kitu kiko vizuri isipokuwa setilaiti moja: grafu yangu inaitoa kwenye obiti, inaishusha hadi katikati ya dunia, halafu inairudisha. Saa yake nayo inaruka hadi karibu milioni moja. Nimepakua faili mara tatu, namba ni zilezile. Faili imeharibika?

#11 PimaArdhi

Faili ni nzima. Ndivyo SP3 inavyosema "sina jibu". Mahali pasipojulikana pameandikwa 0.000000 kwa x, y na z, na saa isiyojulikana imeandikwa 999999.999999. Programu yako imechukua ukimya ikausoma kama jibu, na sifuri tatu ni katikati ya dunia kabisa.

Usichukue wastani wa hizo namba na majirani zake, na usizibe pengo kwa kuchora mstari. Ziruke. Halafu angalia mwisho wa kila mstari, kuna nafasi za herufi: M inasema setilaiti ilisogezwa, P inasema namba hii imetabiriwa badala ya kupimwa. Kwenye faili za haraka, hiyo P ni ya kuiheshimu. Nimeona ripoti za kazi ambamo obiti ya kutabiriwa imeandikwa kama ya kupimwa, kwa sababu tu aliyeandika programu aliiruka safu hiyo.

#12 Nsubuga_KLA

Mimi niko Kampala, Kiswahili changu mnisamehe. Setilaiti yetu PearlAfricaSat-1 ilitolewa kutoka kituo cha anga tarehe 2 Desemba 2022, pamoja na ZIMSAT-1 ya Zimbabwe na TAKA ya Japani. Nilikuwa najaribu kuisikiliza siku za kwanza. Swali: vitu vitatu vidogo vinatoka pamoja, rada inaona nukta tatu. Nani anajua ipi ni ipi?

#13 AntenaTanga

Karibu sana Nsubuga, Kiswahili chako kinaeleweka bila shida. Umegusa kosa ambalo hakuna hesabu inayoweza kulikamata: obiti sahihi, jina la mtu mwingine.

Rada inapima nukta, haisomi bendera. Vikitoka vitatu pamoja, kwa siku kadhaa vinafuatana kwa sekunde chache. Vikitoka mia inakuwa kazi ngumu kwelikweli. India walitoa 104 kwa roketi moja Februari 2017, na Januari 2021 SpaceX walitoa 143. Taifa-1 ya Kenya nayo ilipanda Aprili 2023 ndani ya kundi la namna hiyo. Mara nyingi majina yanakuja kurekebishwa baadaye, na anayetumia TLE ya wiki ya kwanza anaweza kuwa anamfuata jirani.

Shahidi hapa ni redio, na ni kazi ambayo mimi na wewe tunaweza kuifanya kwa vifaa vya nyumbani. Setilaiti inapokuja kwako sauti yake inapanda, ikiondoka inashuka, kama honi ya lori inavyokupita barabarani. Kwenye 437 MHz mabadiliko hayo ya Dopla yanafika kama kHz 10 kila upande. Kati ya kupanda na kushuka kuna sekunde ambayo masafa yanaporomoka kwa kasi kuliko wakati wowote. Hiyo ndiyo sekunde setilaiti iko karibu nawe zaidi. Irekodi. Kisha chukua TLE za nukta zote tatu, kila moja ikokotoe sekunde yake ya ukaribu juu ya paa lako. Ile inayolingana na sauti ndiyo yenyewe. Rudia mapito matatu manne, na wenzako wa miji mingine wafanye hivyohivyo. Sharti saa ya kompyuta iwe imewekwa sawa kwa intaneti, la sivyo utamtaja asiyehusika.

#14 Msafiri72

Naheshimu mchango wenu wakuu, lakini nauliza kwa nia njema. Data zinatolewa na jeshi la Marekani, wenye rada za mabilioni. Mtu wa Tanga na antena moja anamkagua nani?

#15 AntenaTanga

Ni swali la haki. Rada zao siwezi kuzikagua na sina sababu. Ninachokagua ni kama namba iliyonifikia inafaa kwa kazi ninayotaka kuifanya. Hilo hakuna mtu wa Marekani anayeweza kunifanyia.

Nikupe mfano ulionigusa kuliko yote. Tarehe 10 Februari 2009, kilomita kama 789 juu ya Siberia, setilaiti Iridium 33 iliyokuwa inafanya kazi iligongana na Kosmos 2251 ya Urusi iliyokufa zamani. Mwendo kati yao ulikuwa kilomita 11.7 kwa sekunde. Zote mbili zilikuwa kwenye orodha, zote zilikuwa na TLE. Huduma ya wazi ya CelesTrak ya kutabiri ukaribu ilikuwa imezitaja, ikasema zitapishana kwa mita 584. Siku ile kulikuwa na jozi nyingine zilizoonekana kupita karibu zaidi, kwa hiyo hii haikumshtua mtu.

Tazama hiyo namba, mita 584. Imeandikwa hadi mita moja moja. Lakini imetoka kwenye data ambazo kila upande una kosa la kilomita nzima au zaidi. Namba hiyo ilimaanisha "zitapita karibu, labda zitagusana, hatujui". Kiwango cha kosa hakikuandikwa pembeni kwa sababu TLE haina nafasi yake. Hakuna biti iliyokosewa pale na hakuna tarakimu iliyopishana. Vipande zaidi ya 1,800 vikubwa vya kuonekana na rada vilitokea, na vingi bado viko juu.

Hilo ndilo linalonisumbua. Kosa la maandishi unaweza kulinasa kwa ukaguzi bora. Namba safi isiyosema ina uhakika kiasi gani, unainasa wapi?

#16 Msafiri72

Umenijibu. Sikujua habari za 2009.

#17 FundiSimu_Kkoo

Mkuu, tuambie basi wewe sasa unafanyaje kila siku, kwa mpangilio wa kazi.

#18 AntenaTanga

Siandiki tena kwa mkono, hilo la kwanza. Kompyuta inapakua OMM yenyewe mara mbili kwa siku, na haijirudiirudii, maana wenye seva wameomba watu wasizichoshe.

Data mpya ikifika, siitumii palepale. Naisogeza ya zamani hadi wakati wa mpya na kulinganisha mahali. Zikitofautiana kilomita chache, inaingia. Zikitofautiana kilomita 20 au zaidi, naiweka pembeni. Siitupi, na hili nasisitiza kwa wanaoandika programu: tofauti kubwa inaweza kuwa data mbaya, au inaweza kuwa setilaiti imewasha injini ikahama, na SGP4 haijui habari za injini. Kwa kutazama seti moja huwezi kuzitofautisha. Nasubiri inayofuata. Seti ya tatu ikikubaliana na ya pili, setilaiti imehama kweli, naifuata. Ikirudi kukubaliana na ya kwanza, ya pili ilikuwa mbovu. Kama pito ni usiku huohuo na siwezi kusubiri, natega antena kwenye zote mbili, nusu pito kila moja, na redio inaamua.

Wakati wa data ukiwa mbele ya saa ya sasa kwa zaidi ya siku moja, naitilia shaka. Mwinamo ukibadilika hata sehemu ya kumi ya nyuzi ndani ya siku moja kwa setilaiti isiyo na injini, naikataa, maana kugeuza obiti hivyo kunahitaji mafuta mengi na yeye hana.

Na baada ya kila pito naandika daftarini: sekunde iliyotabiriwa, sekunde iliyosikika, tofauti. Tofauti hiyo ikikua taratibu kwa siku kadhaa, najua hewa imebadilika au data imezeeka kabla hata sijaangalia tarehe yake. Wiki iliyopita tofauti zangu zilikuwa chini ya sekunde moja kwa mapito yote isipokuwa mawili, na hayo mawili yalikuwa ya kijisetilaiti kimoja kilicho chini sana, kinakaribia kuanguka.

#19 Nsubuga_KLA

Nitaanza daftari kama hilo huku. Tukitumia setilaiti moja usiku mmoja, Tanga na Kampala, tunaweza kulinganisha?

#20 AntenaTanga

Tunaweza, na itakuwa bora kuliko mimi peke yangu. Nitumie ujumbe wa faragha tuchague setilaiti inayopita juu yetu sote kwa pito moja, tuanze Jumamosi. Weka saa ya kompyuta sawa kabla ya kuanza.

#21 Mwanafunzi_Jiomatiki

Kaka PimaArdhi, nimerudi kutoa taarifa. Nimeziruka sifuri na zile 999999.999999. Nimeisoma pia ile safu ya herufi. Setilaiti ilikuwa na M kwenye mstari unaotangulia pengo, halafu saa kadhaa za sifuri, halafu inarudi ikiwa imehama kidogo kutoka mstari wa mwanzo. Ilisogezwa. Grafu yangu ilikuwa inanionyesha mtu anayehama nyumba, mimi nikadhani faili ni mbovu.

Nimekuta P pia, 96 kwenye faili moja niliyokuwa nimeitumia kwenye sura ya tatu. Naiandika upya sura hiyo kwa faili ya mwisho.